Usiyang'oe Majani ya Samaki

Mjukuu wangu Salma,

Huku Likunja hatujambo; babu yako kapona kikohozi. Lakini swali lako limeniudhi! Eti ung'oe majani mabichi kwenye tangi la samaki uweke ya plastiki, kwa sababu mabichi yanaonekana uchafu?

Nilipokuwa msichana, tulingojea wageni wa posa yangu. Nikafagia uwanja mpaka udongo ukabaki mtupu. Sikutosheka, nikang'oa na majani yote ya bwawa letu la samaki. Siku wageni walipofika, maji yalikuwa ya kijani, perege wametoa midomo juu wanahema. Mama akaniuliza mbele yao, "Umesafisha, sawa. Sasa hawa wapumue nini, wajifiche wapi?"

Yaache majani, Salma. Hayo ya plastiki kapambie meza, hapo hafi yeyote.

Bibi yako