Majani Kumi na Moja ya Pindo Nyeupe

Yaya Polepole, dada mukubwa wangu,

Nakuandikia kwa karatasi sababu kwa simu nimezoea kukudanganya. Kila Siku ya Mungu unauliza, "Na kamuti yangu?" Mi nakutumia picha, we unarudisha vile vimoyo vyako vyekundu. Zile picha zote, yaya, ni tawi moja. Moja tu. Nasogeza simu karibu mpaka inajaa picha yote, ili usione yenye iko nyuma yake. Na nimechoka. Hii si uchovu ya kulala ikaisha.

Bon, nianzie kwenye ulianzia we.

Unakumbuka ile jioni ulitoka kazini, kule hoteli ya pembeni ya ziwa, na kijiti imefungwa ndani ya leso? Majani yake ilikuwa midogo kama kucha, kijani katikati, nyeupe kwa pindo. Nikakuuliza, "Umeiba?" Ukasema, "Nimeomba. Jardinier wa bustani yao alikuwa anatupa." Ukaitia kwa mukebe ya tomate, udongo yetu nyeusi na muchanga kidogo, ukakata chupa ya maji ukaifunika. Na mi, kila asubuhi, nilikuwa naingoa naangalia kama imetoa mizizi! Siku ya ine ukanikamata. Ukanipiga kwa mukono, pa! "We Mbiombio, muti haitoe mizizi watu wakiangalia."

Ikakubali hata hivyo. Lakini ile uvivu yake, mama weee! Mwaka muzima, na bado iko chini ya goti. Jirani yetu Mama Kevin alikuwa anasimama kwa ua ya lupango anatuchokoza:

"Inakuliwa hiyo?"

"Haikuliwi."

"Inatoa maua?"

"Haitoe."

"Sasa inafanya nini hapo?"

Ukamujibu, "Inangojea Mama." Mama Kevin akacheka, mi nikacheka kumushinda. Sikujua kama ulikuwa umeshaona macho ya Mama inaanza kufifia. Njo maana uliipanda pale, kando ya ngazi ya kwanza. Ngazi zetu ni majiwe ya volkano, nyeusi juu ya udongo nyeusi, na Mama alibakia anaona tu penye kunang'aa na penye giza. Ile pindo nyeupe ikamuonyesha mahali ya kutia muguu. Mvua, kiangazi, majani haikuanguka hata siku moja. Na haikurefuka ikafunika njia. Mama akaiita taa ya Mukubwa. Alikuwa anatoka kusali peke yake, anaitafuta na macho, anapanda moja, mbili, tatu, anaingia. Hakuna mutu wa kumushika mukono. Ulijua vile Mama hapendi kushikwa mukono.

Siku ulienda Lubumbashi na shemeji, pale kwa gari, ulinishika sikio kabisa. "Ukiona tawi imetoka kijani mutupu, haina pindo, kata mpaka kwa shina. Usiionee huruma. Hiyo iko na nguvu, itakula wenzake." Nikasema ndiyo, ndiyo, yaya. Macho yangu ilikuwa kwa simu.

Donc, ikatoka. Kijani mutupu, inang'aa, majani mikubwa. Yaya, nilifurahi! Nikasema, kumbe hii kitu inaweza kukimbia! Mwisho tumepata kitu cha spidi yangu. Badala ya kukata, nilienda kutafuta mbolea ya mbuzi kule Nyakiriba, nikabeba mufuko kwa kichwa, nikaitilia yote. Mvua ya musimu moja tu na imefika dirisha. Nikawa naita watu waone.

Kisha ikafika siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mutaa. Tulizibua mufereji ya barabara, na kwa kumaliza watu wakakaa kwetu kunywa kidogo. Muzee Gaspard, ule jirani wetu wa juu, akaangalia kamuti, akatikisa kichwa. "Mutoto, huku chini iko ugonjwa. Hii majani nyeupe itaambukiza ile mizuri." Na mi, unanijua, siku mbili kabla ya pale nilikuwa nimeangalia video ya magonjwa ya majani. Nilijifunza kutengeneza simu kwa kuzifungua, nikazani na miti ni vile. Nikaruka: "Muzee, uko na haki! Ni virusi!" Mi nikashika matawi ya pindo nyeupe, yeye akakata na sekateri yake, ile makasi ya miti. Alikuwa anatusaidia, yaya, usimulaumu. Mama akauliza kutoka ndani, "Munafanya nini pale inje?"

Nikamuitikia kwa sauti kubwa, "Tunatibu taa yako, Mama!"

Watu wote wakacheka. Hiyo sauti yangu njo nasikia kila siku.

Kesho yake, saa kumi na moja ya jioni, Mama akatoka kusali. Mi nilikuwa kwa mulango, namuangalia anakuja vizuri kabisa, na sikufikiria kitu. Muguu yake ikakosa ngazi ya kwanza. Akaanguka na magoti na mikono. Hakulia. Alitafuta na mukono pale chini, akapata kamuti, akapapasa ile majani mikubwa, polepole, moja moja. Akauliza, vile mutu anauliza mugeni wa kwa mulango:

"Hii ni nani?"

Nikamuinua, yaya, nikamupangusa magoti na shati yangu.

Magoti ilipona. Nilipaka majiwe chokaa, mvua ikaosha. Nikapaka tena, Mama akasema, "Yewe, umenijengea kaburi kwa mulango?" Nikaacha. Sasa kila siku nafunga kameza kangu ka simu mapema, naenda kumungoja kwa kanisa, namushika mukono mpaka nyumbani. Ananiacha nimushike. Hiyo njo inanichosha kuliko yote. Mama wa zamani angenisukuma.

Lakini chini kabisa, karibu ya shina, Muzee alisahau katawi kamoja. Iko na majani kumi na moja. Naihesabu kila asubuhi, na siivute, nakuapia. Nilisoma, niliuliza, sasa najua: haikuwa ugonjwa. Ile kijani njo inarudia vile miti ya zamani yake ilikuwa, na ikiachiwa itameza ile nyeupe yote. Nikikata kijani yote vile ulisema, itabakia kisiki na majani kumi na moja. Labda itakufa, sababu ile kijani njo inalisha mizizi sasa. Ikiishi, itachukua miaka kufika kwa goti, na sijui macho ya Mama itangoja miaka ngapi. Nikiacha, tutakuwa na muti mukubwa, muzuri, wenye Mama hauone.

Nilikuwa nimemuomba Mama asikuambie. Jana nilikaa naye kwa ngazi, sekateri ya Muzee kwa mukono, nikamuuliza nifanye nini. Akatafuta katawi na vidole, akaipata, akaishika vile mutu anashika sikio ya mutoto.

"Mukubwa anasema nini?"

"Mama, hajui."

"Basi muambie kwanza. Mi naweza kungoja. We njo sijui kama unaweza."

Njo nimekuambia. Sekateri nimeiweka juu ya hii karatasi sababu upepo ya ziwa inataka kuibeba. Busu watoto kwa mashavu yote mbili, salimia shemeji, na usilie kwa kazi. Kisha unijibu kitu moja tu, yaya, na nitakufuata hata nikiwa sijaelewa: ungekuwa we pale kwa ngazi, na Mama ameshika ile majani kumi na moja, ungekata ile kijani?

Mudogo yako,
Mbiombio