Somo la freni

Aziza, mutoto wa dada yangu,

Kutoka Kasongo mpaka Kabambare hakuna anayejua pikipiki kunipita mimi mjomba wako, ndiyo maana chuo chako kizima kinangoja jibu langu. Mama yako iko muzima, anavuna mpunga.

Unauliza wanafunzi wako wa uuguzi wasome nini kwenye simu, na nini waje kufanya chuoni. Sikia. Kule Wamaza, mwalimu wangu wa pikipiki alichanganya hivyohivyo: kuondoka tulifanya pamoja njiani, kusimama kwa freni akaniachia nisome nyumbani kwenye daftari. Nilikariri kila neno! Mteremkoni nikapasua katikati ya msafara wa harusi ya watu nikipiga kelele, "Freni iko mguu wa kulia!"

Bibi harusi akajibu, "Basi kanyaga, we baba!"

Maneno yaende kwenye simu, Aziza. Sindano waishike mbele yako.

Mimi hadi leo, kila mteremko, ninashuka na kuongoza pikipiki kwa mikono, nikidai ninapumzisha injini.