Maelezo ya Wakili Kuhusu Warithi wa Rukiyo Dubow

Kituo cha Polisi, Garissa. Alhamisi, 18 Agosti 1966, saa tisa alasiri.

Jina la shahidi: Kerrow Abdille Hared. Umri: miaka 43. Kazi: wakili wa mirathi na kodi. Makazi: Galbet, Garissa.

Nimeulizwa kwanza kuhusu kazi yangu. Nilikuwa karani wa kodi ya mirathi Nairobi kwa miaka tisa. Baadaye nilisomea sheria London, na mwaka 1962 nikaapishwa kuwa wakili. Tangu mwaka jana nina ofisi hapa Garissa. Naandika wasia na kusimamia mali ya marehemu mpaka iwafikie warithi. Sijawahi kushika bunduki wala kuhudhuria mkutano wa siasa.

Mnamo tarehe 8 Agosti, saa nne asubuhi, alikuja ofisini Rukiyo Dubow, mjane mwenye ngamia, jirani yangu wa Galbet. Alikuwa anaumwa kifua, ameshikiliwa na binti yake Arbia. Alitaka warithi wake waandikwe angali na pumzi. Watoto wake ni wawili, Arbia na Nuh. Nuh aliingia msituni na shifta, waasi wenye silaha, mwaka 1964, na jamaa za marehemu baba yake, wanaowataka wale ngamia, wanasema alikwisha kufa. Mama alimtoa Arbia nje, akanieleza mwanawe alipo. Kisha akasema, "Mwandike. Yuko hai."

Nilimwandika. Kule Nairobi nilifundishwa kwamba nafasi ya makazi ya mrithi haiachwi wazi. Mahali penyewe sikuthubutu kupaandika, na kuacha nafasi tupu mkono ulikataa. Niliandika: "Wakili ameelezwa."

Mnamo tarehe 16 Agosti, saa kumi jioni, askari walipekua ofisi yangu wakaikuta hati hiyo. Tangu saa ile niko hapa kituoni. Naambiwa mimi ni shahidi tu, lakini jana nilipotaka kwenda nyumbani nilizuiwa mlangoni. Mke wangu Shamso huacha chupa ya chai getini. Haruhusiwi kuniona.

Inspekta Mutinda ameniuliza mara tatu Nuh yuko wapi. Siwezi kusema sijui, maana mwandiko ni wangu. Siwezi kusema ninachojua, maana niliambiwa kama wakili, na Nuh atauawa. Niliomba kujiondoa katika kazi ya mama huyo. Inspekta alisema naweza kujiondoa, ila swali litabaki palepale.

Leo saa moja asubuhi Arbia alifika getini kusema kwamba mama yake amefariki alfajiri. Inspekta alinipeleka kwa Arbia pale getini. Tukiwa njiani alinikumbusha, bila ukali, kwamba sasa sheria inanitaka niwajulishe warithi wote. Ni kweli. Alitaka nimwambie Arbia mazishi yangoje mpaka Jumamosi, nami nimpelekee Nuh habari. Nikifanya hivyo, alisema, usiku huu nitalala kwangu.

Arbia aliniuliza, "Abti, tumngoje?" Abti ni mjomba, huniita hivyo kwa heshima tu.

Inspekta alikuwa kando yangu, pamoja na askari mmoja anayejua Kisomali. Nilimjibu Arbia, "Mzikeni leo. Msimngoje mtu."

Alijifunika uso kwa shungi, akaondoka.

Nimeambiwa Rukiyo amezikwa baada ya adhuhuri, na askari waliovaa kiraia pale makaburini hawakumkamata yeyote. Nuh hakumzika mama yake. Mimi ndiye niliyemnyima. Nikiulizwa tena pale getini, nitajibu vilevile.

Ninayoweza kuyaeleza yameishia hapa. Nimeyasoma mwenyewe na hakuna neno nililolazimishwa kuliweka.

Sahihi ya shahidi: K. A. Hared

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Inspekta J. Mutinda, kwa Kiswahili, mbele ya shahidi. Baada ya kutia sahihi aliulizwa mara ya nne mahali alipo Nuh. Hakujibu. Jina lake nimeliondoa kwenye orodha ya mashahidi. Ameingizwa mahabusu saa kumi na moja jioni.