Baba Kulazwa Wodi ya Wazazi

Nyumba za Wauguzi, Na. 14,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko, na goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo, isipokuwa Baba, ambaye jino lilimsumbua wiki nzima. Hataki ujue kwa nini alichelewa kutibiwa. Nimefikiri sana, nikaona ni haki dada ajue habari za kaka yake.

Hospitali ya Mama imeacha makaratasi. Sasa hospitali zote nchini zinatumia mfumo mmoja wa kompyuta, na kila muuguzi amepewa kishikwambi cha kuandikia habari za wagonjwa. Mama ameandika kwa kalamu miaka ishirini na miwili, kwa hiyo anakigusa kama anayepima joto la pasi. Walitangaziwa mtihani wa Ijumaa: atakayeshindwa atatolewa wodini na kupelekwa stoo ya mashuka. Mama alisema shuka halijawahi kulia mikononi mwake, na hajui ataishije bila wodi ya wazazi.

Nikajitolea kumfundisha. Kitabu cha maelekezo kina kurasa mia na themanini, nami nilikisoma kama hadithi, ila niliruka ukurasa wa kumi na mbili kwa sababu ulikuwa na mchoro tu.

Mazoezi yanahitaji mgonjwa. Baba alikuwa amejinyoosha kwenye kochi akisikiliza mpira, basi Mama akaingiza namba yake ya matibabu na kumlaza wodini kwake, kitanda namba saba. Mwanamume, miaka hamsini na mmoja: mfumo haukuguna. Fomu ikagoma kufungwa bila taarifa za mtoto, tukaandika: wa kiume, kilo tatu na nusu, amelia vizuri. Baba hakusikia lolote. Timu yake ilikuwa inafungwa.

Ule mchoro, Shangazi, ulionyesha kitufe cha mazoezi. Sisi tulikuwa tumeandika kwenye mfumo wenyewe, wa nchi nzima.

Tulilijua hilo Jumatano, Baba alipokwenda kliniki ya meno, ng'ambo ya mji. Karani aliitazama kompyuta, akamtazama Baba.

"Mzee, hapa siwezi kukupokea. Umelazwa kwingine."

"Nimelazwa wapi, nami nimesimama mbele yako?"

"Wodi ya wazazi, kitanda namba saba. Hongera, mtoto ni wa kiume."

Mtu wa nyuma kwenye foleni akasema, "Jamani, mpisheni mzazi akae, ametoka mbali." Baba alirudi nyumbani na shavu lililovimba na maneno machache.

Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakifungua kishikwambi. Hakuweza kumruhusu Baba atoke wodini kwenye mfumo bila saini ya daktari, na daktari angeuliza. Akaamua kwenda kukiri kwa metroni, mkuu wa wauguzi, kabla ya mtihani, hata kama stoo inamngoja. Kosa lilikuwa langu, nikamfuata. Nilikuwa nimeandaa maelezo kwenye daftari, lakini mbele ya metroni sauti ilinikimbia, nikamkabidhi daftari lenyewe.

Alisoma kurasa zote nne, akamgeukia Mama. "Na mfumo ukakubali, dada?"

"Ulikubali, Metroni."

Akampigia simu mkuu wa mafundi. "Fomu yenu imemzalisha mwanamume. Mkunga wake ninaye hapa. Njooni mumsikilize, maana inaonekana mlipoitengeneza hamkumuuliza muuguzi hata mmoja."

Walikuja kesho yake. Mama aliwaambia jambo ambalo hata mimi sikulijua: kwenye karatasi, wauguzi walikuwa wakiandika pembeni, "Huyu anaogopa, akae karibu na dirisha," na wa zamu inayofuata akajua. Kwenye kishikwambi hakuna pembeni. Mafundi walitazamana, wakaongeza nafasi hiyo siku ileile. Mtihani alifaulu kwa alama sitini na moja. Anabaki wodini, na kila mwezi atakaa na mafundi kuzipitia fomu.

Wa kwanza kuandikiwa pembeni ni kaka yako: "Huyu ni mume wangu. Hakuzaa. Ana jino. Aruhusiwe." Daktari alisoma mara mbili, akatia saini. Jino liling'olewa jana.

Nisalimie binamu zangu pacha, na bibi anayeishi nanyi. Mama anakusalimu. Baba pia, akidhani nakuandikia habari za shule. Mungu awalinde nyote na kuwazidishia afya.

Ni mimi nikupendaye sana, hasa kwa maandishi,
Binti wa kaka yako.