Siku Kumi Chini ya Turubai la Buluu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Joto! Hata cherehani inatoka jasho. Sare saba za Mwalimu Beryl zimekwisha, zimebaki tano. Hili turubai jipya linanifaa kuliko yale makuti yaliyooza. Buluu tupu, juu na pembeni, nimekaa humu kama samaki. Wiki ya tatu sasa na halijapasuka.

Mama mmoja wa Kulesa kaleta gauni la kurekebisha. Kaanza kupekua kopo langu la nyuzi, anapima huu, anapima ule. Nikamwambia weka chini mama, nikachomoa mmoja tu — ndio huo! Kafurahi. Garsen nzima inajua: Sidi hapimi rangi, Sidi anaitazama tu.

Saa kumi na moja nimetoka kukung'uta kitambaa. Liban akapita na ng'ombe watano wa mnada wa kesho, akanipungia fimbo. Msomali mwenye adabu yule, mke na watoto wawili, mimi ndiye humshonea pindo za vikoi. Katikati ya ng'ombe wake kulikuwa na mtamba mmoja, jamani, rangi ya chai ya maziwa! Kitambaa cha namna ile ningekipata ningejishonea suti ya Pasaka. Nikarudi ndani kwenye sare.

Jumatano, 5 Februari

Nimefanya nini leo!

Mama Dukicha amekuja bila dumu. Huyu ndiye jirani yangu, Muorma, mjane, kila asubuhi huuza maziwa kwenye kivuli changu. Macho mekundu. Mtamba wake hajaonekana tangu Jumatatu. Mimba ya kwanza, amebakiza miezi miwili. Huu mwaka wa pili mama wa watu anachuuza maziwa ya wenzake, na huyo mtamba ndiye angemwondolea kuomba omba.

Nikamuuliza, rangi gani?

Kama chai, akasema. Chai ya maziwa mingi.

Mdomo wangu! Haukungoja hata nimeze mate. "Mbona mimi nilimwona! Jumatatu jioni, akienda mnadani na Liban!"

Nilisema kwa wema. Kabla ya adhuhuri maneno yamefika stendi, yamefika msikitini, yamevuka daraja. Vijana wakamfuata Liban mpaka dukani alikokuwa ananunua sukari, wakamkamata shati. Mwizi! Mwizi! Askari ndio wamemtoa.

Alhamisi, 6 Februari

Josiah, naibu chifu wetu, kaja kunihoji. Kaketi kwenye kiti cha wateja na daftari lake. Anasema Liban hakatai kwamba aliuza mtamba. Anasema ni wake mwenyewe, mweupe wa vumbi. Karatasi ya mnada inasema "mtamba mmoja", rangi haikuandikwa. Alama ya sikio ingemaliza maneno, lakini sikio lenyewe limeshapanda lori kwenda Mombasa.

"Kwa hiyo shahidi ni wewe peke yako, Dada Sidi." Na ni afadhali hivyo, anasema. Mimi Mgiriama sina ng'ombe, sina upande. Nikisema, Waorma watakubali na Wasomali watakubali. Jumatano ijayo wazee wa pande zote wanakaa. Liban akipatikana na kosa, ukoo wake unafungiwa malka, ile njia ya ng'ombe kushukia maji mtoni. Kiangazi hiki! Ng'ombe mia na zaidi, watoto juu yake.

"Una uhakika na ile rangi?" kaniuliza akiondoka.

Nilikaribia kumcheka. Mwalimu akose hesabu, haya. Mimi nikose rangi?

Jumamosi, 8 Februari

Mwalimu Beryl kaja amefura. Kanitupia sare mezani. Sare ni za maruni, na mimi pindo zote nimezishona kwa uzi wa kahawia!

Nikamwambia Mwalimu, punguza moto, tazama vizuri. Katazama. Uzi haupo! Umemezwa na kitambaa, hujui hiki kinaanzia wapi kile kinaishia wapi. Tukatoka juani — huo, kahawia, unanizomea. Tukaingia, umepotea. Tukatoka, huo! Tuliingia na kutoka mara nne. Mwisho tunacheka sote wawili, wapita njia wanatushangaa.

Beryl hufundisha sayansi. Anasema kosa si langu, ni la turubai. Linapitisha mwanga wa buluu, ule mwekundu unabaki nje. Sasa maruni itajionyesha na nini? Nikasema lakini mimi macho yangu hayakosei. Kasema macho ya mtu hayapimi rangi kama mizani, yanalinganisha tu, hiki na jirani yake. Akachukua utepe wangu wa kijivu, akaukata vipande viwili. Kimoja kakiweka juu ya kitambaa cha buibui, kingine juu ya kitambaa cha kanzu. Kipi cheupe zaidi?

Cha kwenye buibui, si wazi?

Vyote vimetoka kwenye utepe mmoja, Sidi. Umeniona nikikata.

Lo! Nilimwona kweli. Na bado nilikuwa naona viwili! Nikavisogeza pamoja: sawa. Nikavitenga: hiki cheupe, hiki cheusi. Unajua ukweli na jicho linakukatalia mchana kweupe. Beryl ameondoka, kaniachia sare zake nizifumue upya, mimi hata sijaumia. Nimekaa na vipande viwili vya utepe mpaka adhana ya magharibi.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani sikwenda. Mungu anisamehe, kichwa kimeingiwa na mdudu.

Nimejaribu kila kitu. Kitenge cha njano juu ya chekundu, juu ya kijani. Kifungo kimoja kinabadilika sura kama kinyonga, na chenyewe kimetulia tu! Miaka kumi na minne nashona. Hakuna aliyeniambia.

Alasiri nilikuwa bado chini ya turubai. Katana wa maji akapiga kelele nje nilete madumu. Nikatoka. Nikamwambia, heko, umenunua punda mwingine, huyu wa kahawia mzuri. Katana kanitazama kama mtu aliyenikuta na chupa ya mnazi. "Sidi, punda ni yule yule."

Nikamtazama punda. Kahawia! Katana kafungulia maji, dumu la kwanza likajaa. Nikatazama tena, na punda amerudi kijivu. Hakuna aliyemgusa. Wallahi, na mimi si Mwislamu.

Nikampigia Beryl. Kacheka. Anasema jicho likikaa kwenye buluu saa nzima linaizoea, linaanza kuipunguza. Ukitoka nje linaendelea kupunguza, halijui kama umetoka. Kwa hiyo vyeupe na vijivu vinaonekana vimepikwa kidogo, vimeingia rangi ya chai. Baada ya dakika moja au mbili linajirekebisha.

Rangi ya chai.

Nimeketi chini. Jumatatu nilikuwa humu tangu asubuhi. Nilitoka, nikakung'uta kitambaa, ng'ombe wakapita, nikarudi ndani. Haikufika dakika. Na jua la saa kumi na moja nalo lenyewe ni rangi ya chungwa.

Ee Mungu wangu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeanika shuka jeupe kwenye kamba ng'ambo ya barabara. Nashona nusu saa, natoka, natazama. La siagi! Nahesabu polepole. Nikifika themanini, tisini, ni jeupe. Mara sita leo. Aibu kuandika, lakini nilikuwa naona raha. Nacheza na shuka, na kuna mtu atafungiwa maji kwa ajili ya mdomo wangu.

Tena hebu nijibane vizuri. Huenda mtamba alikuwa wa chai kweli! Wa chai angeonekana wa chai vile vile. Sijui. Hilo ndilo linaloniuma, sijui, na juzi nilikuwa najua kabisa.

Mama Dukicha kaniletea maziwa ya mgando, nusu kibuyu, na yeye mwenyewe hana. Nikajaribu kumweleza mambo ya macho. Kanisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, wewe sema tu ile uliona."

Na niliona! Hapo ndipo penye mwiba. Nikisimama Jumatano niseme niliona mtamba wa rangi ya chai, sijasema uongo hata neno moja. Nitalala vizuri? Silali.

Jumanne, 11 Februari

Liban kaja. Ndugu yake amemwekea dhamana. Hakuingia, kasimama juani, shati bado limechanika bega. Nilidhani atanitukana. Laiti angenitukana.

"Dada, mimi ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Wewe umeona. Lakini ile ng'ombe nilitoa tumboni mwa mama yake kwa mikono hii, ile mvua kubwa. Ilikuwa nyeupe."

Nikamwambia lete shati nishone. Kakataa. Anataka wazee walione lilivyo.

Nikafunga kibanda nikaenda kwa Josiah. Nikamwaga yote: uzi, punda, shuka. Kanisikiliza mkono umeshika shavu. Kasema, Sidi, ukigeuza maneno leo, kesho watasema Wasomali wamekununua. Na vijana wa Mama Dukicha hawatamngoja chifu. Mdomo uliponza kichwa, basi kaa nao kimya.

"Sigeuzi," nikamwambia. "Waje waketi kwangu. Wazee wote. Waone wenyewe kwa macho yao."

Kacheka muda mrefu. Kisha akaacha. Kisha akaniuliza turubai langu linaweza kubeba watu wangapi.

Jumatano, 12 Februari

Saa tisa u nusu. Cherehani nimeitoa nje, naandika juu yake. Mimi siingii leo, nataka macho yangu yabaki safi. Ndani kuna wazee wanane, Waorma wanne na Wasomali wanne, wamebanana kwenye mabenchi ya kanisa. Na Mama Dukicha. Josiah amekwenda kutafuta mtamba ambaye hakuna hapa anayemjua. Nimemwomba kitu kimoja tu, asiniambie mapema ni wa rangi gani.

Liban yuko ng'ambo na askari wawili. Anatafuna mswaki, hamtazami mtu.

Saa kumi. Joto linawaua. Mmoja kauliza kama huu ni uganga wa Kigiriama. Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Nimewapelekea maji. Mama Dukicha kayapokea bila kunitazama. Tangu asubuhi hajaniita mwanangu. Amechagua kukaa mbele kabisa, pa kutokea, magoti ameyakumbatia. Nilipoinama kuchukua kikombe akaniambia polepole, si kwa ubaya, "Wewe unakosa uzi. Sisi hatukosi ng'ombe yetu."

Huenda ni kweli! Mimi namjua ng'ombe kwa rangi tu, wao wanamjua kwa mwendo, kwa uso, kwa kikohozi. Wakitoka wakasema huyu mweupe, mbona hatuoni chai yoyote, basi mimi ni mwongo wa bei rahisi na Liban amekwisha. Kalamu hii nayo inakwama!

Saa kumi na robo. Nimemuuliza Liban kwa ishara kama anataka maji. Katikisa kichwa.

Saa kumi na nusu. Mzee mmoja amelala, amegutushwa. Nimewaambia msifumbe macho, tafadhali, la sivyo yote ni bure. Wananitii! Mimi!

Saa kumi na moja kasoro. Naona vumbi upande wa mtoni. Josiah anakuja, kamba mkononi, mtamba nyuma. Mweupe. Mweupe wa vumbi, kama shuka lililoanikwa barabarani. Amemfunga kwenye nguzo ya stima, matako yameelekea kwetu, uso kule. Jua limemlalia mgongoni. Natazama tena: mweupe.

Josiah ameita, haya, tokeni.

Mama Dukicha ametangulia. Amesimama hatua mbili nje ya turubai, mkono juu ya nyusi. Kisha ameachia shuka lake likaanguka, ameanza kukimbia, mwanamke wa umri ule, na anaita. Anaita jina! Jina la mtamba wake, mara mbili, mara tatu, kwa ile sauti yao ya kukamulia. Mzee wa Kiorma nyuma yake kasema Alhamdulillahi. Msomali wa kwanza kutoka kamwangalia Liban, kisha kaangalia chini.

Mtamba hakugeuka.

Ameshamfika. Amemkumbatia shingo, amelaza uso pale. Mkono wake wa kulia umepanda kutafuta pembe, umeipata, umeishika. Umesimama hapo hapo, kama umeshika pembe ya mgeni.

Wazee wameanza kusugua macho. Mmoja, wa pili, wote. Wanatazamana. Liban amekuja mpaka katikati ya barabara, askari hawakumzuia, na analia waziwazi, mtu mzima.

Josiah ananiangalia, anauliza kwa nyusi, amtoe mama pale? Nimemwambia kwa mkono, ngoja. Mama bado amefumba macho.