Aliyeondoa Reli

Matwebe,
16 Februari 2025

Kwa mkwe wangu Tulia,

Ndaga. Habari za Ibighi, habari za steshenari yako? Mjukuu wangu Atuganile hajambo? Huku tupo, mvua haikati na migomba inaanguka na mikungu yake. Mimi mzima ukiacha macho. La kulia limeshakwenda. La kushoto nalo daktari kasema linafuata, presha ya macho ikishaharibu haiponi.

Wenzangu kanisani wananicheka. "Ambilikile, si umpigie mkweo simu, barua za nini?" Nawaambia mimi nimelelewa kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani, na hivyo ndivyo nitakavyozeeka. Wewe mwenyewe umeniheshimu vizuri. Nikikohoa, unapita nyuma ya migomba. Basi tuandikiane, Bi Kuruthumu atatubebea akija kununua ndizi.

Sasa sikia shida. Ile kompyuta aliyoniachia mumeo Anyosisye, unajua kila Jumapili baada ya ibada alikuwa ananipigia kutoka Durban, namwona uso mzima. Tangu arudi huko baada ya Krismasi, nikiiwasha alama ya waifai imezimwa. Intaneti ya ofisi ya usharika ipo, simu za vijana zinaipata hapa hapa barazani kwangu. Yangu tu ndiyo imelala. Nambari yake ya simu nayo haipatikani, nadhani kabadilisha laini. Fundi mmoja wa Kiwira akasema huu mfumo wa bure, Linux, haujui, akataka afute kila kitu aweke Windows. Nikamnyang'anya. Vitu vya mwanangu havifutwi.

Wewe umesomea. Nisaidie nimwone mwanangu wakati bado naona.

Mimi baba mkwe wako,
Ambilikile

Ibighi,
21 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Barua imefika, na ndizi pia, asante sana. Sisi hatujambo. Atuganile kapoteza meno mawili ya mbele na bado anaongea siku nzima. Pole sana kwa jicho, baba.

Naandika kwa herufi kubwa usipate tabu. Washa kompyuta. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya CTRL, ALT na T. Litatokea dirisha jeusi, usiogope. Andika hivi, kisha bonyeza Enter:

RFKILL LIST, ila yote kwa herufi ndogo.

Itakupa majibu. Ukiona "Hard blocked: yes", ujue kuna swichi ya pembeni imefungwa, itafute kwa kidole ubavuni mwa kompyuta. Ukiona "Soft blocked: yes", ni programu tu imeizima. Hapo andika:

rfkill unblock wifi

Alama itafunguka. Uache nafasi kati ya neno na neno.

Wako mkwe,
Tulia

Matwebe,
3 Machi 2025

Mkwe wangu Tulia,

Ndaga fijo, asante sana! U mzima wewe? Mtoto je? Mimi leo ni kijana. Nimekaa na lenzi yangu ya zamani, ile niliyosomea mizani nikiwa karani wa kupimia majani ya chai, na nimeona kwa jicho langu mwenyewe, "Soft blocked: yes". Nikaandika ulivyosema. Alama ikafunguka! Nilipiga kelele jirani Nsajigwa akaja mbio akidhani nimeanguka.

Ila ilikuwa Jumatano, na Anyosisye hupiga Jumapili. Nikazima nitunze betri. Jumapili nimewasha, alama imelala tena! Mpaka nimalize kutafuta herufi moja moja na hili jicho, muda wake umepita. Fikiria mtoto anapiga kule, anakuta baba yake kafunga mlango. Atasema mzee kanisusa.

Nifundishe namna ya kuifanya ijifungue yenyewe kila inapowaka. Isinisubiri mimi.

Baba mkwe wako,
Ambilikile

Ibighi,
25 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa ukimya, barua yako ilifika siku nyingi. Hatujambo, isipokuwa mafua ya mtoto, na dukani kulikuwa na watu wa maombi ya vyuo. Hujambo wewe? Jicho linaendeleaje?

Kuhusu kompyuta, baba, naona uwe unaiwasha tu kwa mkono. Hiyo njia ya kudumu inabidi kuingia kwenye mafaili ya ndani, ukikosea herufi unaweza kuharibu. Na usihangaike sana na Jumapili. Kazi za kule zinawabana watu.

Mimi na mwanao pia hatujaongea siku hizi.

Mkweo,
Tulia

Matwebe,
29 Aprili 2025

Tulia,

Salamu zako nimezipokea. Mafua ya mtoto yameisha?

Sasa nikuambie, nimekasirika. Miaka yote nimeandika kilo za majani ya chai za wakulima wa huku na hakuna aliyewahi kusema Ambilikile kakosea. Leo herufi ya kompyuta ndiyo inishinde? Au unaniona nimeshakuwa kipofu?

Wiki hii nilimpita Jacob, rafiki yangu wa tangu ujana, njiani, bila kumjua, mpaka alipoongea. Sina muda wa kubembelezana. Kama hutaki kunifundisha niambie nani mwingine anajua, nimwendee hata Mbeya.

Baba mkwe wako,
Ambilikile

Ibighi,
12 Mei 2025

Baba yangu, shikamoo.

Mtoto kapona. Usinikasirikie, nakuomba. Sikukataa kwa sababu ya macho yako. Nilikataa kwa sababu naogopa. Ikishajifungua yenyewe, na Jumapili ikapita kimya, utasema nini? Sasa hivi unaweza kusema ni kompyuta. Mimi simu yangu iko wazi mchana na usiku, inashika mtandao vizuri kabisa, na tangu Februari hajanipigia. Haya nimeyasema. Yananiuma, baba.

Lakini ni mwanao na ni jicho lako, sina haki ya kukuzuia. Fungua dirisha jeusi, andika:

sudo nano /etc/tlp.conf

Ikiuliza neno la siri, weka lile unalofungulia kompyuta. Hilo ni faili la programu ya kutunza betri. Bonyeza CTRL na W, andika STARTUP, Enter. Utafika kwenye mstari unaoanza na DEVICES_TO_DISABLE_ON_STARTUP, yaani vitu vya kuzimwa kompyuta ikiwaka. Ukikuta mwanzoni kuna alama ya #, ile reli tunayobonyeza kwenye simu tukiangalia salio, ujue mstari umelala, haufanyi kazi, tatizo liko kwingine. Mashine hutoka hivyo, na reli haijiondoi yenyewe, huondolewa kwa mkono. Ukikuta reli haipo, huo ndio unaozima waifai. Iweke reli hapo mwanzoni. Kisha CTRL na O, Enter, CTRL na X. Zima, washa.

Mkweo,
Tulia

Matwebe,
2 Juni 2025

Tulia,

Mpo salama? Mimi nipo.

Nimefanya kama ulivyoandika. Mstari niliupata. Reli haipo. Nikapangusa kioo, nikaleta lenzi, haipo. Mimi sikuiondoa, na fundi wa Kiwira hakuwahi hata kuingia ndani. Aliyeshika kompyuta hii ni Anyosisye, siku ya mwisho ya likizo ya Krismasi. Aliinama nayo barazani muda mrefu. Nikamuuliza unafanya nini, akasema, "Baba, naipunguzia betri kazi." Nikaenda kumletea chai.

Nimeweka reli. Nimezima, nimewasha, alama ikafunguka kabla sijakaa vizuri. Nilifurahi, nisikufiche. Nilisema labda kidole chake kiliteleza.

Jana Jumapili nilivaa koti la ibada nikakaa mbele ya kompyuta. Pembeni ya jina lake kuna kitone cha kijani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba kikiwa kijani, mtu yupo. Alikuwepo, Tulia. Saa zote nilizokaa alikuwepo. Hakupiga. Nikampigia mimi. Ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa, na kitone kikazimika.

Nililia, mzee mzima. Nsajigwa aliniona, sababu atajijazia mwenyewe akiwasimulia watu.

Leo asubuhi nimeingia tena kwenye lile faili nikaiondoa reli kwa mkono wangu. Nimeiacha kama alivyoiacha.

Nisamehe nilivyokufokea. Ulikuwa unanikinga na jua, na wewe mwenyewe limekuunguza tangu Februari. Sikuwahi hata kukuuliza. Nilijiona mimi peke yangu ndiye ninayesubiri.

Nilimwomba Mungu aniachie hili jicho nimwone mwanangu. Bado lipo, kidogo. Tangu uolewe hapa sijui sura yako. Nakujua kwa kitenge kinachopotelea migombani na kwa hizi herufi kubwa unazoniandikia. Wazee wenzangu waseme watakachosema.

Njoo Jumapili na Atuganile. Pita njia ya mbele. Usijibu kwa barua. Nitakuwa nimekaa barazani, na sitakohoa.

Baba yako,
Ambilikile