Muulizaji Asiwe Mfiwa

Kijiji cha Baray,
S.L.P. Karatu,
Wilaya ya Mbulu.
19 Agosti, 1984.

Mpendwa mdogo wangu Piusi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Wifi Eunike hajambo, na watoto je? Kile kikohozi cha wifi ulichokitaja kwenye barua ya Pasaka kimekwisha? Kama bado, mwambie anyunyize maji kabla ya kufagia, vumbi la mjini si kama la kwetu.

Sisi huku tu wazima. Mama bado anakwenda kisimani mwenyewe, na ukitaka kumpokea ndoo anakufukuza kama mwizi. Shemeji yako Hhando yuko Mang'ola kwenye vitunguu. Mahindi ya bondeni yametoka, ya juu yamekauka. Sabuni hakuna, sukari hakuna, lakini shida hiyo nadhani mnayo hata ninyi.

Barua hii nampa Tobiko, dereva wa lori la vitunguu, akukabidhi mkononi. Ndani yake nimeweka barua nyingine iliyofungwa, ya kumpelekea Dokta Mbonde. Usiipeleke kabla hujasoma hii yangu mpaka mwisho.

Kwanza nikushukuru kwa kumtafuta Dokta. Nilikupa jina tu, nikakuambia kwamba miaka ile ya surua aliwaleta watu wake Baray kutuuliza sisi tuliofiwa na watoto. Najua ulivyozungushwa. Ulitoka bandarini ukaenda hospitali, ukaambiwa amehamia chuoni, ukaenda chuoni ukaambiwa amesafiri, na bado ukarudi tena. Hhando alisema ungechoka. Nilimwambia hakujui.

Unajua tulikokwama. Wakubwa wa afya wanasema watoto wa Baray hawafi sana, kwa sababu wanaoandikwa ni wale wanaofia zahanati. Anayefia njiani mgongoni mwa mama yake haandikwi popote. Tuliomba mganga na jokofu la chanjo, tukaambiwa tulete ushahidi. Tukasema basi tutapita wenyewe nyumba kwa nyumba tukiuliza. Kijana mmoja pale ofisini, mpole tu, akaniambia, "Mama, maswali ya kujitungia hayapokelewi. Tafuteni yale yaliyokwisha kutumika na wataalamu, na mwenyewe awape ruhusa kwa maandishi."

Nilitaka kukasirika. Kisha nikakumbuka kwamba maswali hayo yapo, na kwamba mimi nimekwisha kuulizwa.

Wewe ulikuwa umeshakwenda Dar mwanangu Tluway alipofariki, kwa hiyo hukumjua sana. Alikuwa akilala ameshika sikio langu. Si titi, sikio. Alikuwa pia akitia punje za mahindi ndani ya viatu vya baba yake, na Hhando alikuwa akijifanya hazioni, anavaa hivyo hivyo, anatembea akichechemea ili mtoto acheke. Hata leo akivaa viatu huvikung'uta kwanza.

Wakati ule nilikuwa metimani. Unakumbuka mambo yenyewe: huingii kwa mtu, mtu haingii kwako, kikombe chako ni chako peke yako mpaka muda uishe. Watu walinikwepa kwa heshima tu, hata mama alisimama mbali. Ndipo akaja yule msichana aliyetumwa na Dokta, hajui mila zetu, akakaa nje juu ya lile jiwe la kusagia lililovunjika, akaanza kuuliza. Pumzi za mtoto zilikuwa za haraka? Macho yalikuwa mekundu kabla ya vipele au baada? Siku ya mwisho alibebwa na nani? Watu wote waliniambia nisahau. Yeye peke yake alitaka nikumbuke. Nilijibu mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia.

Basi barua ya Dokta imefika, imepigwa taipu vizuri, na karatasi za maswali ndani yake. Amefurahi kusikia kutoka Baray. Ametupa ruhusa, akaweka masharti. Tusibadilishe neno. Tusiruke swali. Majibu tumpelekee kama yalivyotoka. Hayo yote nimeyakubali bila kinyongo, kwa maana kitu cha mtu ni cha mtu, na ukikiazima unakirudisha kilivyokuwa.

Sharti la mwisho ndilo lililonikaa kooni. Ameandika hivi: "Muulizaji asiwe mama aliyewahi kufiwa na mtoto." Anaeleza kwamba mfiwa humtilia mwenzake majibu mdomoni, na hapo kazi yote inaharibika.

Nililisoma sharti hilo kwenye kikao cha akina mama, nikauliza ni nani basi atakayeifanya kazi. Waliokaa pale wote walikuwa wamezika. Wengine wakaanza kutazama mikono yao. Halafu mama Lembris, jirani yetu yule asiyeweza kukaa kimya, akasema, "Tumwombe padre. Yeye hana mtoto wa kufa."

"Padre atauliza kama alibatizwa, basi, ameondoka," akajibiwa kutoka nyuma.

Tulicheka, Piusi, tukacheka hadi mwenyekiti wa kijiji akaja kuchungulia dirishani. Alipoingia akatukuta baadhi yetu tunafuta macho, akadhani ni kicheko bado.

Mwishoni tulikubaliana tumtume mwalimu Nashilu. Ni binti wa Kimasai kutoka Malambo, alipangiwa shule yetu mwaka jana, hajaolewa, hana mtoto. Anasoma kwa sauti nzuri na mwandiko wake umenyooka. Alikubali mara moja. Nilimpa karatasi nikarudi nyumbani na hasira yangu, nikapiga jembe mpaka mpini ukalegea.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Germana, mke wa fundi wa paa, ambaye mtoto wake wa kiume alizikwa mwezi uliopita. Padre anahubiri kwamba metimani imepitwa na wakati, lakini mama mkwe wa Germana hajayasikia mahubiri hayo, na Germana mwenyewe anasema moyo wake unataka kukaa pembeni. Nashilu alikwenda akapiga hodi, hakujibiwa. Akarudi siku ya pili, kimya. Akaja kwangu: "Mama, nyumba ile ina watu lakini haina sauti. Nimewakosea nini?"

Hakuwa amewakosea kitu. Mlango wa aliye metimani haupigiwi hodi. Lakini hilo halimo kwenye karatasi, na asiyewahi kukaa humo atalijuaje? Nikamwambia twende wote, mimi nitafunga mdomo, nitakuwa kama kigogo. Hatukupiga hodi. Tulikaa chini kwenye majani, pale njia inapoingia uani, nikavua viatu. Mbuzi walitupita. Baadaye Germana akatoka na kigoda chake, akakaa mbali kidogo, akasema, "Karibuni huko huko mliko."

Nashilu alianza vizuri, polepole, kama anavyowasomea watoto imla. Germana alijibu. Likafika lile swali la macho mekundu, Germana akawa anafikiri, na mimi, Piusi, jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: mekundu, kabla ya vipele. Nililiona jicho la Tluway kabisa. Niliuma ncha ya kanga yangu. Germana akasema macho yalikuwa safi, vipele hakuwa navyo, mtoto aliharisha tu mpaka akakauka midomo. Kumbe hakuwa na surua hata kidogo. Ningetamka, huenda angeitikia kwa kuniheshimu mimi mkubwa wake. Hapo nilielewa kwamba Dokta hakuweka sharti lake kwa dharau. Nimemwambia hivyo kwenye barua yake, na sioni haya kulisema.

Lakini ngoja usikie kilichofuata.

Nashilu akafika kwenye swali la siku ya mwisho. Akasoma, "Siku ya mwisho mtoto alibebwa na nani?" Germana kabla hajajibu, Nashilu akalisoma tena. Kisha akasema, "Ni mimi."

Mimi na Germana tukatazamana.

"Mdogo wangu," akasema. "Jina lake kwetu hatulitaji tena. Mama alikwenda kuchota maji, mimi nikambeba nikachunga naye ndama. Nilidhani amelala. Niliwaambia wenzangu wasipige kelele, mtoto amelala."

Germana, ambaye hatakiwi kumsogelea mtu, aliinuka na kigoda chake akaja akakiweka mbele ya mwalimu, karibu kiasi ambacho magoti yao yalikaribia kugusana. Akamuuliza, "Ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Wa kutosha kubeba."

Basi. Huyo ndiye tuliyempata Baray nzima ambaye si mfiwa.

Nilimchukulia Nashilu ile karatasi mkononi, nikampa kalamu. Nikamwambia, "Andika, nitasoma mimi." Nikasoma maswali yote yaliyobaki, kila neno kama lilivyopigwa taipu, sikuongeza hata "pole". Germana alijibu yote. Lile la kubeba alilijibu pia. Alisema alimbeba yeye mwenyewe, kuelekea Karatu, na walipofika kwenye kijito alijua, lakini aliendelea kutembea kwa sababu hakutaka kuwa mtu wa kwanza kulisema.

Hayo yote nimemwandikia Dokta. Sikumwomba samahani, maana sijutii. Nimemwambia wazi kwamba sharti lake nimelivunja, mahali gani na kwa sababu gani, na kwamba nitalivunja tena Jumatatu kwenye nyumba inayofuata, na sitamficha. Nimemwambia pia tulivyopanga: mfiwa asome, mwingine aandike, na anayeandika amzuie msomaji akiongeza neno lake. Mwalimu amekubali kunizuia. Nilimwambia hata kunifinya anaruhusiwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Na nimemwandikia Dokta jambo moja ambalo nataka ulijue na wewe. Anasema maswali ni yake, ni kweli. Lakini yule msichana wake alipokaa kwenye jiwe langu, maswali yale yalikuwa bado machanga. Aliandika pembeni mwa karatasi, akafuta, akaniuliza upya kwa namna nyingine mpaka nikaelewa. Leo nimeyasoma yaliyopigwa taipu nikakuta swali la macho limekaa vile vile nilivyomsaidia kulisema. Nilimpa pumzi za Tluway, na macho yake, na siku yake ya mwisho. Vimo humo. Nilimpa bila sharti lolote. Sikumwambia muulizaji asiwe mgeni.

Sasa kazi yako. Barua yake usimwachie karani, wala usiitupe kwenye sanduku. Subiri mpaka umwone mwenyewe, umpe mkononi, na usiondoke kabla hajaisoma. Najua kazi ya bandari haina subira, lakini wewe unayo. Akikubali, akuandikie papo hapo na kugonga mhuri, maana yule kijana wa ofisini anapenda mhuri kuliko maelezo.

Akikataa, usigombane naye. Usipandishe sauti, nakujua. Mwambie kwa adabu kwamba namkaribisha Baray aje kunikataza yeye mwenyewe. Chai ipo, ingawa ni ya rangi na haina sukari. Akishakunywa nitamchukua twende nyumba inayofuata. Tutavua viatu, tutakaa majanini, na hatutapiga hodi. Mama mwenye nyumba akitoka, Dokta na aulize yeye. Mimi nitanyamaza kabisa. Na akifika kwenye lile swali la kubeba, nitamtazama usoni.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama bado unalala bila kufunika miguu. Hhando atakutumia gunia dogo la vitunguu Tobiko akirudi tena. Mwalimu Nashilu anakusalimu ingawa hamjuani. Msalimie wifi Eunike na uwabusu watoto. Yule mdogo mwambie shangazi yake anamtunzia kifaranga mwekundu. Germana hajaruhusiwa kusalimia watu bado, lakini amesema nikusalimie.

Mungu awalinde nyumba nzima, akupe miguu ya kwenda ofisini kwa Dokta na uso wa kungoja pale mlangoni.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye bado anauliza,

Katarina